Shangazi Niliyemzika Akiwa Hai

Katika kituo nilichofanyia kazi, nje kidogo ya mji wa Migori, mapumziko yalipatikana kwa njia moja tu: mtu wako afe. Ukiumwa, ulimeza vidonge viwili ukarudi kazini. Mtoto wako mwenyewe akifukuzwa shule, ulimwombea. Lakini ukifiwa na mzazi, mume, mtoto, au yule aliyekulea, matroni alifungua daftari la ruhusa, akaandika jina la marehemu na kukupa siku tatu. Sikuwahi kumlaumu kwa sheria hiyo. Miaka ile ya tisini watu walikuwa wakifa ovyo Migori na Homa Bay, Jumamosi moja unasikia vilio pande tatu, na kama angempa ruhusa kila aliyefiwa na binamu, watoto wangebaki wakilelewa na kuku wa kituo.

Nyumba yetu ilikuwa na watoto kumi na wanne na walezi wawili. Zamani tulikuwa watatu. Wa tatu aliondoka asubuhi moja akisema anaenda kununua sabuni, na mpaka leo hajarudi nayo. Aliyebaki nami alikuwa mama wa makamo, Mkuria kutoka karibu na Isebania, mwenye mikono mipana na maneno machache. Wengi wa watoto wetu walikuwa yatima wa ule ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja kwa jina. Saba kati yao walikuwa na ulemavu: shingo zisizokaa, miguu iliyojikunja, vinywa visivyojua kumeza. Kuna waliohitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya muda, la sivyo ngozi inachubuka. Mvua ikinyesha nepi zilianikwa juu ya makaa, na nyumba nzima ikanuka mkojo uliochemka. Wageni walikuja na peremende, wakatuambia kazi yetu ni wito. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuliwashukuru, tukawasindikiza mpaka langoni, tukarudi kwenye beseni.

Katika saba hao kulikuwa na msichana wa kama miaka sita. Haoni, hatembei, hasemi. Naibu wa chifu alimleta kutoka upande wa Kisegi baada ya nyanya yake kufa, na karatasi aliyokuja nayo haikufika mistari mitano. Kumlisha kulichukua karibu saa nzima. Unamkalisha mapajani upande, kichwa chake kwenye mkono wako wa kushoto, unampa kijiko kidogo cha uji, unangoja ameze, unampa kingine. Ukiharakisha anapaliwa. Na hakufungua mdomo mpaka ashike nywele zangu. Nilikuwa nimesuka kwa uzi mweusi, misuko iliyosimama, na yeye alichagua mmoja, ule wa juu ya sikio la kushoto. Aliutafuta kwa vidole, akaukamata, ndipo akala. Mwenzangu akijaribu kumlisha, mtoto alipapasa kitambaa chake cha kichwa, akafunga mdomo.

Mwanzoni nilijivunia. Nilitembea kituoni kama mtu mwenye cheo. Baadaye nikaanza kuchoka na cheo hicho, kwa sababu alikuwa akivuta. Kila kijiko, anavuta. Milo mitatu kwa siku, wiki baada ya wiki, mpaka juu ya sikio pakabaki kiraka cheupe chenye kidonda. Nilikuwa nikisikia saa ya uji inakaribia na ninakaza meno.

Ikaja Aprili moja ya mvua isiyokatika. Nepi hazikuwa zimekauka kwa siku nne na watoto wawili walikuwa wakiharisha. Mchana, katikati ya uji, msichana alivuta msuko ukang'oka na ngozi. Nikampiga mkono. Natamani niseme nilimchapa kidogo, lakini sikumchapa kidogo. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, kisha nikainua mkono tena, na mwenzangu akaukamata hewani.

"Toka nje upumue kwanza," aliniambia. "Leo hiyo mkono si yako."

Nilitoka, nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa nyuma ya jiko, nikaitazama mikono yangu. Niliiogopa. Ndani, mtoto hakulia. Alizoea kutolia, na hilo liliniuma kuliko kama angepiga kelele.

Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisini kwa matroni. Njiani nilikuwa nikipitia jamaa zangu kichwani kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja. Baba na mama walikwisha kufa nikiwa mdogo. Mume aliniacha zamani, hivyo hakufaa hata kwa kufa. Mwanangu mmoja, aliyekuwa shule, nisingeweza kumtaja hata kwa kisu shingoni. Akabaki shangazi, dada ya baba, aliyenilea Kendu Bay. Kwetu tunamwita *waya*.

"Waya amekufa," nikasema, na machozi yakatoka yenyewe. Hayakuwa ya uongo. Yalikuwa ya usingizi.

"Pole sana, mama. Ni yule alikulea?"

"Ndiye."

Aliandika jina la shangazi, akatia sahihi. "Siku tatu. Tafadhali usinizidishie hata moja. Si unajua vile tuko?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa marehemu. Nilimkuta uani akianika omena, dagaa wetu wa ziwani, khanga kiunoni, akibishana na jogoo. Aliponiona alisimama wima. Siku zile mtu akifika bila habari, swali lilikuwa moja.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema. "Nina usingizi."

Akanitandikia kitanda chake mwenyewe. Nililala siku nzima na usiku wake. Niliamka, nikala samaki na kuon, ndiyo ugali wetu, nikalala tena. Siku ya mwisho aliniuliza watoto wa kituo nimewaachia nani. Nikasema mwenzangu. Akaguna tu, akanifungia omena kwenye gazeti.

Sasa, kwetu mtu akifiwa na wa karibu, hunyolewa kichwa baada ya mazishi. Wengine wa kanisani walikuwa wameacha, lakini matroni alikuwa mtu wa huku huku, na nilijua atatazama kichwa changu kabla ya uso. Kumnyolea mtu aliye hai ni kumwita kaburini. Hilo nililijua tangu utotoni. Nikajiambia mimi ni Mkristo, tena nina cheti cha kozi ya ulezi, mambo ya mwiko hayanihusu. Nikashuka Homa Bay, nikamtafuta kinyozi wa sokoni.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

"Pole, mama," akasema bila kuuliza zaidi. Wengi walikuwa wakinyoa vile.

Wembe ulipofika juu ya sikio la kushoto, nilisikia nafuu. Hili nimelificha zaidi kuliko uongo wenyewe: sikunyoa kwa ajili ya matroni peke yake. Nilisema moyoni, haya, sasa atavuta nini?

Nilirudi na kitambaa kichwani. Mwenzangu alikuwa amefanya kazi ya watu wawili siku tatu, miguu imemvimba mpaka viatu vimekataa. Akanipa pole na kilo ya sukari, waliyochanga na mama wa jikoni. Niliipokea sukari ile na nikatamani ardhi inimeze.

"Huyu mtoto wako amenishinda," alisema. "Siku hizo zote ni maji tu na uji kidogo ya kumlazimisha. Alikuwa anakungoja."

Nilimpakata, nikamsemesha. Alinijua kwa sauti, uso ukachangamka, mkono ukapanda juu. Ukakuta kitambaa. Ukazunguka sikio, ukatafuta, ukarudi tena palepale. Kisha akaushusha mkono mapajani na kufunga mdomo.

Nilijaribu yote. Nilisuka msuko wa sufu nyeusi, nikaubana kwenye kitambaa kwa pini. Aliugusa mara moja akauachia. Nilimwimbia. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikambana taya nikamtia uji, akapaliwa, tukalia wote. Siku ya nne midomo ilikuwa imepasuka, na nilipombeba kumpeleka zahanati nilihisi nimebeba nguo tupu. Mganga wa zahanati alimpa maji ya chumvi na sukari. Akasema asipokula mpaka Jumatatu, apelekwe hospitali ya wilaya awekwe mpira puani. Tulikuwa tumepeleka wawili kwa safari hiyo mwaka uliotangulia, na hakukuwa na mlezi wa kukaa nao huko. Wote wawili walirudi wakiwa wamefunikwa.

Hapo ndipo cheti changu cha kozi kiliponitoka. Kwetu kuna kitu kinaitwa *chira*: ukivunja mwiko, mtu wa nyumbani kwako anakonda, anakauka, na hakuna chakula kinachomwokoa. Miaka ile neno hilo lilitajwa kila kijiji, kwa sababu watu walikuwa wakikonda kila kijiji. Mimi nilikuwa nikilicheka. Sasa nikamtazama msichana na nikaamini kabisa, kwa mwili wote, kwamba nimemnyolea mtu aliye hai na adhabu imemshukia asiye na kosa. Dawa ya chira huanza na kukiri. Na wa kukiriwa alikuwa mmoja tu, yule shangazi niliyemkosea.

Nisingeweza kwenda kwake, siku zangu zilikuwa zimekwisha. Ilibidi yeye aje. Na nilijua akipita lango lile, kazi yangu imetoka kwa lango hilohilo, na karo ya mwanangu nayo. Ijumaa nzima niligeuza jambo hilo kichwani. Jioni mtoto alikataa hata maji. Jumamosi alfajiri nilimkimbilia mama mmoja aliyekuwa akileta omena soko la Migori kutoka Kendu Bay, kabla hajarudi kwao.

"Mwambie waya aje," nikamwambia. "Mwambie nimemkosea."

Jumapili baada ya ibada, matroni alikuwa amesimama langoni akiwaaga watu wa kanisa. Nami nilikuwa dirishani, mtoto mapajani. Nikamwona shangazi akija na kikapu chake, amevaa rinda lake la kanisani.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

"Msichana wangu. Mimi ni shangazi yake wa Kendu Bay."

"Shangazi mwingine?" Matroni aliuliza kwa upole. Nadhani alifikiri ni mtu wa kuleta habari za matanga.

"Mwingine wapi? Ana mmoja tu."

Matroni aligeuka polepole akatazama dirisha. Nikamkabidhi mwenzangu mtoto, nikatoka.

Nilisema yote ofisini, nimesimama, kwa Kijaluo ili nisisingizie sijui maneno.  Shangazi alikuwa amekaa, kikapu miguuni, akinitazama kichwa.

"Ulinizika siku gani?" akauliza.

"Alhamisi."

"Alhamisi ulikuwa unakula samaki wangu."

 Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na katika maisha yangu yote nilikuwa nimemwona akilia mara moja tu, siku ya kumzika baba.

"Ungeniambia umechoka," alisema. "Unafikiri mimi sijui kuchoka? Nilikuwa na wangu watano, nikaongezwa wewe na ndugu zako. Siku moja nilikuacha sokoni kwa mwanamke muuza vyungu, nikamwambia naenda haja. Nikashika njia. Nilitembea mpaka jua likasimama kichwani. Nilirudi, lakini usidhani sikwenda."

Sikuwa nimelijua hilo. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto, na nikashikwa na woga wa kuachwa sokoni miaka ishirini iliyopita. Halafu nikamhurumia, nikamwona mwanamke kijana akitembea peke yake barabarani, na nikataka kumshika mkono. Nilikuwa na aibu, sikumshika.

"Huyo mtoto yuko wapi?" akasema.

Mwenzangu alitupisha mlangoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akampa shangazi kiti. Msichana alikuwa amelala, macho nusu wazi. Nilimpakata. Shangazi alitutazama, kisha akakinyooshea kidole kitambaa changu.

"Hicho cha nini?"

"Naficha kichwa."

"Unamficha nani? Kipofu?"

 Siku zote zile nilikuwa nimempa mtoto kitambaa, sufu na pini. Kichwa changu chenyewe sikuwa nimemwonyesha. Niliona haya. Mtoto asiyeona, na mimi ninamwonea haya.

Shangazi alikifungua kitambaa mwenyewe. Akachukua kikombe cha maji, akayatia kinywani, akaninyunyizia utosini kama wazee wetu wanavyofanya, akisema maneno machache ya kwamba yeye yuko hai na hana kinyongo. Matroni, mtu wa kanisa, alitazama ukutani. Kisha shangazi akaushika mkono wa mtoto, akauweka juu ya kichwa changu.

Vidole havikusogea kwanza. Halafu vikaanza. Vilipita utosini palipokuwa na maji, vikaenda kisogoni, vikarudi penye vinyweleo vilivyoanza kuota, vikashuka mpaka penye kile kidonda changu. Hapo vikakaa sana. Nilisikia pumzi yake ikibadilika.  Mwishowe mkono ulishuka kidogo, ukakuta sikio, ukalikamata. Akafungua mdomo.

Alikula nusu bakuli ya uji wa wimbi. Ilichukua muda mrefu kuliko siku zote, na hakuna aliyetoka chumbani. Kama ni maji ya shangazi au ni kule kupapasa, mpaka leo sijui, na watu wenye majibu ya haraka kuhusu jambo hili huniudhi, wawe wa kanisa au wa mila.

Matroni aliniita jioni. Shangazi alikuwa bado yuko, anangoja usafiri. Daftari lilikuwa wazi mezani.

"Sitakufukuza," alisema. "Nikikufukuza nitaweka nani? Lakini hapa shangazi yako amekufa. Nimeandika kwa kalamu, nimetia sahihi, na wakubwa wamesoma. Siwezi kumfufua. Siku atakufa kweli, usikuje kwa hii ofisi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Shangazi, pale mlangoni, akacheka kicheko kifupi. "Basi nitajizika mwenyewe," alisema, akachukua kikapu chake.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Nywele ziliota, nikasuka tena kwa uzi, lakini msichana hakurudia msuko. Alikuwa ameshachagua sikio. Alilivuta vilevile, na mimi nilichoka vilevile, kwa sababu mtu wa tatu hakuletwa na watoto waliongezeka wawili. Tofauti ilikuwa kwamba nikiona mkono wangu unataka kuwa wa mtu mwingine, nilimwambia mwenzangu kwa sauti, "Shika huyu, nitampiga," naye akashika bila kuuliza. Yeye pia alikuja kuniambia hivyo, mara mbili.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, yule mama wa omena alikuja kunitafuta kituoni. Alisimama nje ya mlango bila mzigo wake, nami nikajua kabla hajasema. Shangazi alikuwa ameanguka uani Jumanne, omena mkononi. Atazikwa Jumamosi.

Nilikwenda mpaka ofisini. Matroni alikuwa ameshasikia. Alinitazama, kisha akainamisha macho, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. Tulikaa hivyo, mimi mlangoni, yeye mezani. Angesema neno moja ningekwenda. Nami ningeomba, pengine angesema. Sikuomba. Hata leo nikikumbuka sijui nilizuiwa na aibu au kiburi.

"Enda tu," mwenzangu aliniambia. "Hata bila ruhusa. Mimi nitabeba."

Nilimtazama miguu, jinsi ilivyojaa juu ya ndara. Nikajua habebi. Nikafikiria yule wa sabuni, nikamwelewa, na nikabaki.

Jumamosi walimzika aliyenilea, nami nilikuwa nikikamua nepi. Nililia juu ya beseni siku nzima. Watoto wanaosikia walinisikia, na mmoja asiyeweza kusema alikuwa akinijibu kwa sauti kutoka kitandani kwake.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mwenzangu alinikalisha juani nyuma ya jiko, akafungua wembe mpya. Kwao wana mila zao, lakini hakuniuliza kitu. Alinifumua uzi, akaninyoa taratibu, akanikung'uta mabega. Sikutaka kitambaa.

Saa ya uji ilikuwa imefika. Nilimpakata msichana upande, kichwa chake kwenye mkono wangu wa kushoto, na kabla hajanyoosha mkono nikamwinamishia kichwa.

"Waya amekufa," nikamwambia. "Safari hii ni kweli."

Alikipapasa chote, polepole, mpaka kisogoni na kurudi. Kisha akashika sikio na kufungua mdomo, nami nikachota uji.